Wasomi wa Zalio

Mwaka niliojifungua mwanangu wa kwanza, chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimeungana na chuo kingine cha bara kufanya utafiti wa uzazi hapa Pemba. Haukuwa utafiti wa madaktari peke yao. Walikuja na bwana wa maadili ya uzazi, na mtaalamu wa hatari za kijamii, na binti wa fani za utamaduni, ati ili mama mjamzito atazamwe pande zote. Mimi nilitazamwa pande zote hizo, mmoja baada ya mwingine, barazani kwa mavyaa wangu, yaani mama mkwe, na kila aliyenitazama aliondoka na alichokitaka. Mimi nilichokitaka kilikuwa kimoja tu.

Kwetu ni Gando, upande wa Wete. Nimeolewa Pujini, na nasomesha Bayolojia katika skuli moja ya sekondari Chake Chake. Mume wangu ni fundi wa umeme wa magari. Siku hizo tulikuwa tukikaa nyumba moja na mama yake, mjane mwenye maneno machache na misimamo mingi, ambaye watoto wake wote aliwazaa kwenye chumba kilekile tulichokuwa tukilala sisi. Mazalio yao yote, yaani makondo ya nyuma, yamezikwa uani kwake, upande wa mikarafuu. Nilipozoea nyumba alinionesha mahali penyewe kama mtu anavyomwonesha mgeni kisima kilipo.

Mimba ilipokuwa kubwa aliniita jikoni.

"Mwanangu, mwataka kwenda kuvyaa hospitali. Sikukatazi. Ila zalio lije nyumbani. Yule ni mwenziwe mtoto, hatupwi."

"Litakuja, mama."

Mimi ni mwalimu wa Bayolojia. Zalio kwangu ni kiungo kilichofanya kazi yake kikamaliza, na sikuwa na hofu kwamba mtoto atapotea njia maishani kwa kuwa kiungo hicho kiko huku au kule. Lakini mama wa watu alikuwa ameniomba kitu kimoja tangu niingie nyumbani kwake, nami nikamwambia litakuja. Kwangu hilo lilitosha.

Kliniki nilikutana na muuguzi wa mradi. Alikuwa mwanamke wa hapohapo Chake, kavaa fulana ya mradi juu ya baibui, na sauti yake ilikuwa ya kumbembeleza mtoto alale. Akanieleza kwamba wanakusanya mazalio ili wajue kwa nini baadhi ya watoto huzaliwa wepesi mno. Nilifurahi. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye benchi lile aliyeuliza maswali ya kisayansi, na sikuchukia kuonekana. Nikamwambia wakate wanachokihitaji, lakini kinachobaki nirudishiwe, kwa sababu nyumbani kinangojwa.

"Ah, mwalimu, hilo halina shida kabisa. Wanakata vipande vidogo tu. Jioni hiyohiyo mnapewa lenu."

"Una hakika?"

"Mimi mwenyewe nitakukabidhi."

Nikatia saini.

Mtoto alizaliwa asubuhi, msichana, mzima, ana sauti. Zalio likatiwa kwenye ndoo ndogo ya buluu yenye kifuniko, na muuguzi wa mradi akaipokea kwa mikono miwili na kuondoka nayo haraka, kama mtu aliyebeba chakula cha mgeni rasmi. Jioni hakuja. Kesho yake akasema ndoo bado iko maabara. Mchana nikaruhusiwa kutoka.

Tulipofika Pujini mavyaa alikuwa kasimama mlangoni na kitambaa cheupe kilichofuliwa. Alimtazama mtoto, akamshukuru Mungu, kisha akatazama mikono ya mwanawe. Mikononi mwake mlikuwa na mfuko wa nguo na chupa ya chai.

"Liko wapi?"

"Kesho, mama," mume wangu akasema.

Akakikunja kile kitambaa, akaingia nacho ndani.

Kesho ikawa kesho nyingine. Muuguzi alipokea simu mara ya kwanza, akasema kuna foleni maabara. Mara ya pili akasema atanipigia. Baada ya hapo simu ikawa inaita tu. Mume wangu akaenda mwenyewe ofisi ya mradi, jengo la marumaru lenye baridi ya kukufanya utamani shuka, akaambiwa lalamiko lake limepokelewa na litashughulikiwa na kitengo husika. Akarudi nyumbani na maneno hayo hayo, "kitengo husika," akayatamka mbele ya mama yake kwa heshima, kana kwamba kitengo ni mtu mzima mwenye ndevu. Nilimdharau kidogo siku ile, mume wangu. Alikuwa mwepesi wa kuridhika na mtu yeyote mwenye kitambulisho shingoni.

Siku ya akika mavyaa hakutoka chumbani. Mbuzi akachinjwa, nywele za mtoto zikanyolewa, wageni wakala, na kila aliyeuliza bibi yuko wapi aliambiwa kichwa kinamuuma. Mimi niliingia na sahani ya pilau. Alikuwa kakaa kitandani, kanipa mgongo.

"Mie sikuudhikii wewe," akasema. "Lakini sitoki."

Kitengo husika kikajibu baada ya wiki kadhaa. Sikuletewa zalio. Nililetewa mtu.

Alikuwa ni yule binti wa fani za utamaduni, kutoka chuo cha bara, mpole, kajifunika ushungi ambao hakuuzoea, ukawa unamteleza kila anapoinama. Akaamkia "shikamoo" mara nyingi kuliko inavyohitajika. Akakaa mkekani, akaweka kinasa sauti katikati yetu, akaniuliza:

"Zalio lina maana gani kwenu?"

"Lina maana kwamba mliahidi kulirudisha."

Akaandika. "Na zamani, kabla ya hospitali, lilikuwa na maana gani?"

Hapo mavyaa akaingia kati, maana alidhani huyu ndiye mletaji na labda lazima kwanza ajiridhishe kwamba analikabidhi kwa watu wanaojua kulitunza. Akamweleza yote: linavyooshwa, linavyofungwa, shimo linavyochimbwa, nani huchimba na nani hasogei karibu. Hajapata kunieleza mimi hayo yote. Binti aliandika hadi macho yakamlengalenga kwa furaha. Akashika mikono ya mavyaa, akamwambia ana hazina kubwa. Kisha akaaga, akapanda gari.

"Kwa hivyo analileta lini?" mavyaa akauliza.

"Hakuja kwa hilo, mama."

"Kaja kwa nini basi?"

Kila jibu lililonijia lilikuwa tusi, nikakunja mkeka.

Alirudi mara nyingi. Ulikuwa msimu, karafuu zimeanikwa majamvini mbele ya nyumba, na dereva wa mradi, ambaye kwake pahala pote duniani palikuwa kituo cha kuegesha, akalipandisha gurudumu juu ya jamvi la mavyaa. Binti akashuka mbio, akaomba radhi, kisha, wallahi, akatoa daftari lake na kuuliza kama kuna mila yoyote inayohusu kukanyaga karafuu.

"Ipo," nikamwambia. "Mila yenyewe ni kwamba zinaharibika."

Akaandika hilo pia.

Kila alipokuja nilimuuliza zalio liko wapi, na kila mara alinijibu kwamba hilo liko upande wa madaktari, yeye yuko upande wa utamaduni. Walikuwa mradi mmoja, gari moja, nembo moja kifuani, lakini ukiwadai kitu kila mmoja alikuwa jirani tu wa mwenzake.

Baada yake akaja bwana wa maadili. Huyu alitoka ng'ambo, mtu mzima, mrefu, kavaa viatu vya kupandia milima katika kisiwa kisicho na mlima. Alianza kuzungumza huku yule binti akimfasiria, nami nikamwambia kwa Kiingereza kwamba hapana haja. Niliona hakupendezwa, nadhani alikuwa kajitayarishia mwanamke mwingine. Akaniuliza kama naliona zalio ni mali yangu, au mali ya mtoto, au mali ya ukoo, au kama halifai kuitwa mali kabisa.

"Nilikuazimeni," nikamwambia. "Kitu cha kuazima hurudi."

Akafumba macho kidogo, akatabasamu, akasema hilo ni jambo zito, linafungua mjadala mpana kuhusu ridhaa na umiliki wa mwili. Akaniuliza kama ningeliweza kulieleza zaidi.

"Siwezi. Limekwisha hapo."

"Ni swali gumu sana," akasema, kwa raha ya mtu aliyeonja kitu kitamu.

Nimesomesha miaka mingi, nalijua lile tabasamu la mwanafunzi anayeliita swali gumu kwa sababu jibu lake litamtia matatani. Sikudhani nitaliona kwa mtu aliyefikia daraja ile. Alipoondoka alinipa kalamu yenye nembo ya mradi.

Wakati huo mavyaa naye hakuwa kakaa kimya. Alikwenda harusi moja hapo mjini, na huko, kati ya wanawake waliokusanyika kwa bibi harusi, akaulizwa habari za mjukuu, akasema mjukuu mzima ila zalio lake limechukuliwa na watu wa mradi na hawataki kulitoa. Hakuongeza chumvi. Lakini wanawake wale walirudi makwao, na neno likaenda nao. Lilipofika Wesha lilikuwa limeshasema mazalio yanapakiwa melini kwa masanduku. Pengine likasema yanatengenezewa mafuta ya kupaka uso. Wajawazito wakaanza kuikataa fulana ya mradi wakiiona tu mlangoni.

Ndipo nikamjua mtaalamu wa hatari za kijamii. Mtu wa makamo, mchangamfu, na tarakilishi yake ndani yake mna picha ya kisiwa chetu chote kimejaa miduara, mingine midogo, mingine mikubwa. Miduara ilikuwa ni uvumi. Mkubwa kuliko yote, mwekundu, ulikuwa juu ya Pujini.

"Tunajaribu kuelewa chanzo cha taarifa potofu," akaniambia.

"Taarifa ipi iliyo potofu?"

"Kwamba mradi unachukua mazalio na haurudishi."

"Langu mmelirudisha?"

Akacheka kidogo, akautazama ule mduara, kisha akaniuliza kama mimi hujadili mambo haya kwenye makundi ya simu. Nilimtazama mtu mzima yule, kasomeshwa kwa gharama za wazazi na serikali yake, kavuka bahari, kaja kukaa kwenye mkeka wa mavyaa wangu kupima ukubwa wa hatari ya sisi kusema kweli. Niliingia ndani nikamwacha anazungumza na mume wangu, ambaye alimtilia chai.

Wiki iliyofuata akaja mkuu wao mwenyewe, daktari. Mwanamke wa ng'ambo aliyekaa pwani hii miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililonifanya nimchukie zaidi kuliko wengine, kwa kuwa hakuwa na kisingizio. Alikuja na sheha wetu, kiongozi wa kijiji, na bwana wa maadili, na yule binti. Dereva alibeba sanduku la barafu.

Sheha akaanza na salamu ndefu, akataja subira, akataja ushirikiano wa wananchi na wageni wao. Kisha daktari akamgeukia mavyaa, akampigia goti kama mkwe, akasema:

"Bibi, tumekuletea."

Mavyaa hakungoja neno la pili. Aliinuka na kuingia ndani upesi, akaenda kukitafuta kitambaa chake. Nilimsikia akifungua sanduku la nguo, akiyasema maneno ya kumshukuru Mungu kwa sauti.

Nikafunua kifuniko cha sanduku la barafu.

Lilikuwa zima, jekundu la damu, halijakatwa hata ncha. Kwenye kitovu bado mna kibanio kipya. Mwanangu wakati huo alishaanza kucheka na watu. Haikuhitaji ualimu wa Bayolojia. Mwanamke yeyote aliyewahi kumzalisha mbuzi angelijua hilo ni la leo.

Nikamsemesha daktari kwa Kiingereza, polepole, ili sauti isifike chumbani.

"Hili ni la nani?"

Akamtazama bwana wa maadili kabla ya kunijibu. "La mama mmoja aliyejifungua alfajiri. Lilikuwa liende kuchomwa."

"Na langu?"

"Lako lilichomwa siku ileile. Tukishakata vipande, kilichobaki huenda kwenye tanuri la taka za hospitali. Ndio utaratibu wetu tangu mwanzo. Muuguzi hakupaswa kukuahidi."

"Mlijua tangu mwanzo."

"Utaratibu upo wazi, ndiyo."

"Na mkamleta huyu binti aje aniulize zalio lina maana gani."

Binti akainama, ushungi ukamteleza. Bwana wa maadili akaingilia, akasema wamelijadili jambo hili kwa kina, wamelikalia kikao kizima, na wameona kwamba kumwambia bibi ukweli kutamletea madhara makubwa kuliko kumpa kitu ambacho kwake kitakuwa na thamani ileile. Alisema "kwake." Alisema "thamani ileile." Aliyasema kwa upole mwingi.

"Na mama wa hili lililomo humu, mmemuuliza?"

Sheha, ambaye Kiingereza hakukijua lakini aibu aliijua, alikuwa akitazama makubadhi yake.

Mavyaa akatoka na kitambaa kakiweka juu ya viganja viwili. Akatazama nyuso zetu.

"Mnasemezana nini?"

Daktari akanitupia jicho la kuniomba. Ninalikumbuka jicho hilo. Aliniomba niwe mmoja wao.

"Mama," nikasema, "hili si lake. Lake walilichoma siku ileile aliyozaliwa. Hili wamelichukua kwa mwanamke mwingine wakuletee ulizike."

Hakupiga kelele. Alikaa kizingitini, kitambaa kikiwa mapajani, akalia bila sauti, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku ya matanga ya dada yake. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Sheha, na wewe wajua?"

"Mie niliambiwa wameleta tu, bi mkubwa."

"Na hili la nani?"

"Hawasemi," nikamwambia.

"Lirudi kwa mwenyewe."

Daktari akasema haiwezekani. Jina la mgonjwa ni siri, kanuni haziruhusu kulitaja. Siri ya yule mama walikuwa wameitunza vizuri sana.

"Likitoka hapa laenda wapi?" mavyaa akamuuliza.

Daktari akasita. "Hospitali."

"Hospitali wapi?"

"Kwenye tanuri, bibi."

Mavyaa akanyoosha mikono. "Nipe."

Alilipokea, akaenda nalo uani. Akaliosha kwa maji ya ndoo bila haraka, akalifunga kwenye kile kitambaa, na mume wangu, aliyekuwa ndio karudi kutoka kazini, bado na mafuta ya gari mikononi, akachimba mahali alipooneshwa. Hakuuliza kitu, na kwa hilo nilimsamehe ile chai. Binti wa utamaduni akainua simu yake. Niliweka kiganja mbele yake.

"Weka chini."

Akaiweka.

Nilipogeuka nilimwona daktari. Mabega yake yalikuwa yameshuka, ametoa pumzi, na usoni alikuwa na ahueni. Aliona limekwisha. Alikuja na zalio la watu, limepokelewa, limezikwa, na sasa anaweza kurudi Chake kula chakula chake cha mchana. Ahueni ile sijamsamehe mpaka leo, kuliko hata uongo wenyewe.

Mavyaa hakupona moja kwa moja. Alianza kumbeba mtoto zaidi, akaanza kutoka barazani, na siku moja tukichambua karafuu akaniambia amelitolea sadaka lile lililochomwa na amemwombea mama wa lile lingine, popote alipo. Lakini upande wa mikarafuu hakwenda tena bila sababu.

Mradi ulipofikia mwisho wa awamu yake waliandaa mkutano wa mrejesho Chake. Ukumbi wa mapazia, mabango, maji ya chupa, vitambulisho vya kutundika shingoni. Nilialikwa kama mshiriki, nikaenda na mtoto ubavuni. Mavyaa alikataa. Mbele wakapita mmoja mmoja: daktari akaonesha vipande vyake vilivyopakwa rangi, mtaalamu wa hatari akaonesha miduara yake, sasa imekuwa midogo na ya kijani. Kisha bwana wa maadili akasimama na binti akawa anamfasiria. Akasimulia habari ya bibi mmoja wa kijijini aliyepoteza zalio la mjukuu wake na ambaye, baada ya mazungumzo ya kuheshimiana, alikubali zalio jingine kuwa ishara ya maridhiano. Akasema hapo ndipo sayansi na mila zilipokutana. Binti alifasiri hadi mwisho, sauti yake imekauka, lakini alifasiri. Watu wakapiga makofi.

Nikasimama. Mwenyekiti akaniambia maswali yatakuwa baadaye.

"Sina swali," nikasema. "Bibi huyo ni mavyaa wangu. Hakukubali ishara yoyote. Aliletewa zalio la mtu mwingine adanganywe, akaambiwa asipolizika yeye litachomwa, akalizika. Langu walilichoma baada ya kuniahidi watanirudishia. Na mwanamke mwenye lile lililozikwa kwetu, aliyejifungua msimu uliopita wa karafuu, huenda yumo humu ndani na hajui."

Kisha nyuma, karibu na mlango, mwanamke mmoja akasimama na mtoto wake mgongoni.

"Mie nlijifungua msimu ule," akasema. "Mie niliambiwa litarudi jioni."

Mwingine akasema na yeye. Mwingine hakusema, aliondoa kitambulisho shingoni akakiweka juu ya kiti. Wakaanza kuuliza wote kwa pamoja, na maswali yao yote yalikuwa lile langu. Daktari alikishika kipaza sauti bila kukifungua. Mwenyekiti akakichukua, akatushukuru kwa michango yetu mizuri, akasema yote yataingizwa kwenye ripoti, na kwamba chakula kiko tayari upande wa kushoto. Mtaalamu wa hatari alikuwa kafungua tarakilishi anaandika kwa kasi. Bila shaka mduara ulikuwa unakua.

Yule mwanamke wa mlangoni alinifuata nje. Hatukuweza kujua kama ni lake. Wengine pia walijifungua siku za karibu na ile. Lakini alikuja Pujini, yeye na wenzake wawili, wakakaa na mavyaa siku nzima. Sikukaa nao. Niliwapikia.

Kuhusu wasomi wangu, hakuna aliyeomba radhi. Aliyefukuzwa kazi alikuwa muuguzi mwenye sauti ya kubembeleza, kwa kosa la kuahidi asichoruhusiwa, ingawa wote walivuna ahadi zake. Siku hizi namwona akiuza vitambaa sokoni Chake. Tunasalimiana. Ndani ya mradi mzima ndiye pekee ninayeweza kumsalimia.

Mradi haukufa. Ulihamia upande wa Wete, na mwaka jana mdogo wangu alinipigia simu kutoka Gando kuniambia ni mjamzito na kliniki wamemwambia ajiunge. Nilikwenda. Nikamwambia yote, tumekaa uwanjani kwa mama yetu, sikumficha hata neno. Alinisikiliza hadi mwisho. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika bila mtu kujua sababu.

"Dada, nimekuelewa," akasema. "Lakini mashine ya picha iko kwao tu. Mimi nataka kuambiwa kama moyo unapiga."

Niliitafuta dharau yangu yote nimpe, haikumfaa kitu.

Tukaenda pamoja. Fulana zilezile, nembo ileile, tabasamu lilelile kwa watu wapya. Mpigaji picha alimpaka mdogo wangu ute tumboni, akazungusha kifaa, akageuza kioo upande wetu. Pale katikati ya kijivu palikuwa na kitu kidogo kinachofumba na kufumbua. Mdogo wangu alinishika mkono, akanibana kwa kucha. Mpigaji picha akaniuliza kwa uchangamfu kama nimefurahi kuwa mama mkubwa.

Nilikuwa nimefurahi. Sikumwambia.